Nani Kambeba Nani? Upendo Katika Sanaa, Kuanzia Kampala

Pita kwenye vibanda vya sanaa vilivyo nyuma ya Jumba la Taifa la Maonyesho jijini Kampala, uulizie picha ya mapenzi. Utaonyeshwa moja kati ya mbili. Ya kwanza ni vivuli viwili vyeusi vyenye shingo ndefu, vichwa vimekaribiana, jua jekundu linazama nyuma yao. Ya pili ni mama na mtoto, wote hawana macho wala mdomo, na mtungi uko pembeni. Zinauzika. Zinakunjika vizuri na kuingia kwenye begi la mgeni. Ila upendo humo hamna.

Si kwamba wachoraji wake hawajui kazi. Wengi wanaijua sana. Kasoro ni kwamba ndani ya picha hizo hakuna aliyebeba chochote. Ukimwondoa mmoja wa wale wapenzi, mwenzake atabaki amesimama vilevile. Yule mtoto naye kabandikwa kifuani kwa mama kama stempu kwenye bahasha: mkono unaomshika haujakaza, bega halijashuka, kiuno hakijapinda.

Ninalolitetea hapa ni jambo moja. Kazi za sanaa zilizofaulu kuonyesha upendo, uwe wa mzazi, wa wapenzi, wa marafiki, wa marehemu au hata wa ng'ombe, ni zile zinazotuonyesha nani kambeba nani, na inamgharimu nini. Tabasamu ni pambo. Ushahidi uko mikononi, magotini na kwenye nyayo.

Chukua sanamu ambayo mkazi yeyote wa Kampala ameipita mara nyingi bila kuitazama: Mnara wa Uhuru, kati ya Speke Road na Nile Avenue. Aliuunda Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya aliyesomea kisha akafundisha Makerere, kwenye shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937. Ulisimamishwa mwaka 1962. Mtu mzima, ambaye wengi humwona kuwa mama, amezongwa na mikanda mwilini, na juu ya kichwa chake amemwinua mtoto aliyenyoosha mikono angani. Maelezo ya kawaida ni kwamba mikanda ni ukoloni na mtoto ni taifa jipya. Sawa, lakini weka siasa pembeni kidogo utazame kazi ya mwili. Mtu anayeinua mzigo juu ya kichwa hutanua miguu ili asiyumbe. Huyu hana nafasi hiyo, amefungwa. Kwa hiyo nguvu yote inatoka mgongoni na mabegani, na anayeinuliwa anakuwa huru kabla ya anayeinua. Maloba angeweza kumweka mama ameketi, kampakata mtoto, anatabasamu. Asingekosea, ila leo tungekuwa na kadi ya pongezi iliyotengenezwa kwa saruji.

Kwa nini basi vibanda vimejaa akina mama wasio na nyuso? Sehemu kubwa ya jibu ni nta. Batiki, mbinu ya picha nyingi za vibandani, huanza na kitambaa cha pamba kilichofuliwa kuondoa wanga wa kiwandani. Nta ya moto hupakwa kwa brashi mahali ambapo rangi haitakiwi kuingia, kisha kitambaa huzamishwa kwenye rangi nyepesi, hukaushwa, huongezwa nta, huzamishwa kwenye rangi iliyokolea zaidi, hivyo hivyo hadi kufikia nyeusi. Mafundi huchanganya parafini na nta ya nyuki, kwa sababu parafini peke yake hupasuka ovyo, na nta ya nyuki peke yake ni laini mno na bei yake iko juu. Nta ikipoa hukaa juu ya nyuzi bila kupenya, na rangi hupita chini yake. Ikizidi moto husambaa nje ya mstari, na ikisahaulika jikoni hushika moto. Sasa fikiria kuchora mboni ya jicho kwa kifaa hicho, kwenye kitambaa kisichozidi upana wa taulo. Uso unaachwa mtupu kwa sababu ni vigumu kuuchora kwa brashi ya nta, kisha muuzaji anamwambia mgeni kwamba huo ni mtindo wa Kiafrika.

Fundi mzuri wa batiki anaujua udhaifu wa nyenzo yake, kwa hiyo hautegemei uso. Anaweka kila kitu kwenye mstari wa mgongo. Mama aliyebeba mtoto mgongoni huinama mbele kidogo kuanzia nyonga. Aliyempakata ubavuni husukuma nyonga moja nje na bega la upande wa pili hushuka. Mstari huo mmoja ukikaa sawa, uso hauhitajiki. Ukikosewa, hata uso mzuri hauwezi kuokoa.

Kuchora watu waliokumbatiana ni mtihani mkubwa zaidi, na hapa wanafunzi wengi huanguka kwa sababu wanaanza na vichwa. Anza na nyayo. Shusha mstari wima kutoka shimo la koo la kila mtu hadi ardhini. Kwa mtu aliyesimama peke yake, mstari huo hutua kati ya nyayo zake. Kwa mtu anayemwegemea mwenzake kweli, hutua nje ya nyayo, maana yake akiachiliwa ataanguka. Mstari wa wote wawili ukitua ndani ya nyayo zao, umechora watu wawili wanaopigwa picha ya harusi. Baada ya hapo nenda kwenye mikono. Kiganja kinachoshika mgongo hubonyeza nguo, na mikunjo yote ya nguo husambaa kutokea pale kilipobonyeza. Mikunjo ikishuka wima kwa utulivu chini ya mkono, mtazamaji anajua mkono ule haushiki, umening'inia tu.

Kuna na suala la rangi ambalo vitabu vingi vya kufundishia uchoraji hulipitia juu juu, kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Ngozi mbili za kahawia iliyokoza zikigusana, shavu kwa shavu, mpaka kati yake hupotea. Njia ya mkato ni kuzungushia mstari mweusi, au kutia nyeusi upande wenye kivuli. Nyeusi huua rangi, na nyuso zote mbili hugeuka matope. Kinachosaidia ni kutenganisha joto la rangi: uso mmoja uupe wekundu wa kutu, mwingine uusogeze kwenye bluu au zambarau, kisha uruhusu mwanga wa ngozi ya kwanza urudi kwenye taya ya pili. Kwa rangi ya mafuta unapata siku nzima ya kulainisha mpaka huo. Kwa akriliki, ambayo wengi Kampala wanaitumia kwa sababu hukauka upesi na turubai huweza kukunjwa siku hiyo hiyo, una dakika chache, hivyo inabidi upake tabaka nyembamba nyembamba badala ya kusugua.

Mabingwa wa Ulaya ya zamani walishindana na tatizo hili la uzito kwa karne nyingi, na inafaa kuwachungulia. Katika Pietà, aliyoichonga Michelangelo kwa marumaru mwaka 1498 na 1499 na ambayo iko katika Kanisa la Mtakatifu Petro, Vatikani, Maria kampakata mwanawe mtu mzima aliyekufa. Kwa vipimo vya kawaida jambo hilo halikubali. Mwanamume mzima hawezi kulala mapajani mwa mwanamke wa umbo lake na picha ikatulia. Michelangelo alimfanya Maria mkubwa kuliko mwanawe, kisha akaificha tofauti hiyo ndani ya mikunjo mingi ya gauni. Angesimama, angemzidi kwa mbali. Ila tazama mkono wa kulia wa Maria, chini ya kwapa la maiti. Kati ya vidole na ngozi kuna nguo, na nyama imefutuka juu ya vidole kwa sababu mwili umeachia uzito wake wote. Ukiamini pale, umeamini sanamu nzima.

Rembrandt naye, aliyefariki mwaka 1669, alichora mwishoni mwa maisha yake baba akimpokea mwana mpotevu. Picha iko Hermitage, Saint Petersburg. Mwana kapiga magoti, kiatu kimemtoka na unyayo umechakaa. Mikono ya baba iliyoko mgongoni kwake haifanani: mmoja mpana na umekaza, mwingine mwembamba na laini. Wapo wanaosema mmoja ni wa baba na mwingine ni wa mama. Sina haja ya kufika huko. Mmoja unamshika asiondoke tena na mwingine unamtuliza, na kazi hizo mbili mkono mmoja usingeziweza. Busu la Gustav Klimt, la mwaka 1907 na 1908, lile la mraba wa sentimita 180 lenye dhahabu tele lililoko Belvedere mjini Vienna na ambalo leo linachapishwa hadi kwenye vikombe, nalipenda kwa kiasi kidogo kuliko wengi. Dhahabu imemeza miili. Kinachoiokoa picha ni vidole vya miguu vya mwanamke, vilivyokaza ukingoni mwa maua, na baada ya hapo ardhi inaisha.

Kinachosikitisha kuliko vyote ni upendo usio na wa kubebwa. Käthe Kollwitz wa Ujerumani alifiwa na mwanawe Peter vitani mwaka 1914. Sanamu za wazazi wanaoomboleza alizikamilisha mwaka 1932, na leo ziko kwenye makaburi ya Vladslo, Ubelgiji. Baba na mama wamepiga magoti, kila mmoja kwenye jiwe lake, hawagusani. Mikono ambayo ingemshika mtoto imekosa kazi, kwa hiyo kila mmoja anajikumbatia mwenyewe. Ilimchukua miaka 18.

Kwa Waganda, yaani watu wa Buganda, wafu wana sanaa yao, na haitundikwi ukutani. Ni lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ambacho UNESCO ilikitangaza kuwa urithi mwaka 2005 na kukiingiza kwenye orodha yake ya urithi usioshikika mwaka 2008. Wengi wanakijua kama vazi la sherehe za Kabaka, mfalme wao, au pambo la hoteli. Lakini kazi yake nzito ni kumfunga marehemu, na ndiyo maana utengenezaji wake unastahili kutazamwa kwa karibu.

Gome huchunwa msimu wa mvua, mti ukiwa na maji ya kutosha. Fundi hukata mzingo juu na chini ya shina, kisha mstari mmoja wa wima, na kulibandua gome taratibu bila kugusa mbao. Hapo ndipo pa hatari: kisu kikizama na kukwaruza mbao, sehemu hiyo haitaotesha gome jipya. Shina lililobaki wazi hufungwa kwa majani ya migomba ili lisikauke. Likitunzwa hivyo mti huota gome tena, na mti mmoja huweza kuvunwa kila mwaka kwa miongo kadhaa. Gome hukwanguliwa ngozi ya nje, hulainishwa kwa moto au mvuke, kisha huanza kupondwa juu ya gogo kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kwanza yenye mifereji mipana, halafu ya kati, halafu myembamba. Kazi hufanyika kwenye kibanda kilicho wazi pembeni lakini chenye kivuli, kwa sababu jua likilipata gome mapema hukauka na kupasuka kabla halijatanuka. Likishatanuka ndipo huanikwa, na jua hulipa ile rangi ya udongo mwekundu. Mahali palipokuwa na kifundo cha tawi hubaki tundu, na tundu hutiwa kiraka na kushonwa. Lubugo lisilo na kiraka hata kimoja ni nadra, na viraka hivyo, kwa macho yangu, ndivyo sehemu yake nzuri.

Marehemu hafungwi kwa lubugo moja. Ndugu, wakwe na majirani kila mmoja huleta la kwake, na idadi ya tabaka ndiyo inayosema alipendwa na nani. Hata leo ambapo wengi huleta fedha, mchango huo wa msiba bado unaitwa mabugo. Hebu fikiria: fundi kaponda gome kutwa nzima, kitambaa kikatoka kizuri, kisha kikaingia kaburini kisionekane tena. Hakuna jumba la sanaa lenye ujasiri wa namna hiyo.

Wachoraji wa sasa wamelipenda lubugo, na mara nyingi wanalitumia vibaya. Wanalinyoosha kwenye fremu na kulipaka rangi ya maji bila kuliandaa. Lubugo hunywa maji, hujikunja, na kwa kuwa halivutiki sawasawa pande zote, huacha mawimbi pembeni. Lipake kwanza gundi nyeupe iliyozimuliwa, upande wa nyuma na wa mbele, likauke likiwa limebanwa. Na ukishafanya hivyo jiulize kwa nini umelichagua. Kama ni kwa ajili ya rangi yake ya kahawia tu, turubai lingetosha.

Uchumba katika sanaa za hapa umekaa zaidi kwenye miguu kuliko kwenye picha. Runyege ya Bunyoro na Tooro ni ngoma ya kuchumbia: wanaume hufunga njuga za maganda makavu miguuni, na mapokeo yanasema wachumba wakizidi, walishindanishwa kucheza, anayechoka kwanza kakosa. Binti haambiwi maneno matamu. Anasikia njuga, na njuga hazidanganyi, kwa sababu mguu uliochoka hupoteza mapigo kabla mwenyewe hajakiri. Vikundi vinavyocheza runyege kwenye hafla za hotelini huikata ikawa ya dakika nne, kila mtu anatoka hajatoka jasho. Umebaki mlio, ushindani umekwenda.

Kisa cha Waganda cha Kintu, mtu wa kwanza, na Nambi, binti wa mbinguni, kina tabia hiyo hiyo. Ggulu, babake Nambi, hamuulizi Kintu kama anampenda binti yake. Anampa chakula cha umati akimalize, mwamba aupasue kwa shoka, mtungi aujaze umande, na ng'ombe wake amtambue katikati ya kundi, jambo aliloliweza kwa msaada wa nyuki. Baadaye gharama inamhamia Nambi: anarudi kuchukua nafaka ya ulezi ya kulishia kuku, na Walumbe, yaani kifo, anawafuata duniani. Igizo la shule likiyapitisha majaribio haya mbiombio ili liwahi harusi, linabaki gauni tu. Umande ule unatakiwa uonekane ukikusanywa, tone kwa tone, hadi watazamaji waanze kujikuna.

Na ng'ombe? Anayedhani namtania aende Ankole. Katika ekitaguriro, ngoma ya huko, wachezaji huinua mikono kufuata pembe ndefu za ng'ombe wao, na mashairi ya kujisifu ya huko huwasifu ng'ombe kwa umbo, kwa pembe na kwa rangi, bihogo yule mwekundu wa damu iliyoiva akiwa na heshima yake. Shikilia kwamba mikono ile lazima ibaki juu. Ni mateso ya mabega, na mchezaji anayeishusha kidogo kidogo kadiri wimbo unavyorefuka keshampunguza ng'ombe wake pembe.

Kwenye maandishi, Uganda ilimtoa Lawino. Okot p'Bitek alichapisha Song of Lawino kwa Kiingereza mwaka 1966, baada ya kuitunga kwa Kiacholi, na wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu kama Wimbo wa Lawino. Imesomwa sana kama mgogoro wa mila na usasa, na mitihani ya shule imeikausha kwa swali hilo hilo. Isome kama shairi la mke anayeachwa. Ocol, mumewe, kamfuata Clementine, mwanamke wa mjini, na Lawino anajibu kwa kuorodhesha anayoyajua: jiko la mama yake na vyombo vyake, jiwe la kusagia, kuni zipi zinafaa, ngoma ipi inachezwaje, mtoto mgonjwa anahudumiwaje. Mapenzi yake hayaji kama tamko, yanakuja kama kazi ambayo amekuwa akiifanya na hakuna aliyeihesabu. Okot alimpa wivu pia, na kejeli kali kuhusu midomo ya mwenzake, na alifanya vizuri. Lawino mpole angekuwa mhubiri.

Kuna kazi mbili ambazo sijawahi kuona zikiwekwa pamoja, na zinastahili. Ya kwanza ni ya pwani. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na alifariki miaka michache tu baadaye. Anamwambia binti yake kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, kisha anamwita asogee na wino na karatasi. Utendi una beti zaidi ya 100, kila ubeti vipande vinne vya mizani nane, vitatu vya mwanzo vina kina chao na cha nne kinarudi kwenye kina kimoja cha utendi wote. Kina hicho kinachorudi ndicho kinachomwezesha binti mdogo kuukariri, maana karatasi huliwa na mchwa. Msomaji wa leo hukwama kwenye mafundisho ya kumtii mume, ampepee akilala, asimwamshe kwa pupa, na ana haki ya kukwama. Lakini fundisho lile ni la mama anayejua hatakuwepo binti akiolewa, na katika dunia aliyoijua, riziki na usalama wa mwanamke vilipitia hapo. Anampakia mzigo wa safari.

Ya pili ni ya Uganda ya miaka ya 1990, ukimwi ulipokuwa ukizoa wazazi vijijini na mijini. Wanawake waliokuwa wakiishi na virusi, kupitia chama chao cha NACWOLA, walianza kuwaandikia watoto vitabu vya kumbukumbu. Si vitabu vya dukani. Ni daftari au kurasa zilizobandikwa, zenye ukoo wa pande mbili, mahali na namna mtoto alivyozaliwa, neno lake la kwanza, chakula alichokikataa, majina ya ndugu wa kumwendea, mila za nyumbani, na mara nyingi ukweli kuhusu ugonjwa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa ngumu, na mara nyingi ndiyo ilikuwa sababu ya kitabu kuandikwa polepole: mzazi asiyejua aanzie wapi kumwambia mtoto, angeweza kuanzia kwenye mti wa ukoo na kufika kwenye ugonjwa baada ya kurasa kadhaa, wakiandika pamoja. Kitabu kilichoandikwa kwa haraka mgonjwa akiwa kitandani huwa na sala nyingi na majina machache. Kilichoanzwa mapema kina majina, na mtoto aliyebaki hahitaji kuambiwa kwamba alipendwa kuliko anavyohitaji kujua shangazi yake anaishi wapi.

Hakuna mhakiki aliyezoea kuviita vitabu hivyo sanaa. Mimi naviita. Vina umbo, vina mtunzi, vina msomaji mmoja aliyekusudiwa, na vina ufundi uleule wa Mwana Kupona: kuugeuza upendo kuwa maelekezo. Mwanamuziki Philly Lutaaya alifanya jambo la karibu na hilo mwaka 1989 alipotangaza hadharani kwamba ana ukimwi, akazunguka shuleni na makanisani akizungumza na kuimba hadi alipofariki Desemba mwaka huo huo. Nyimbo zake za mapenzi za awali ni tamu na zinachezwa hadi leo. Ila mwili ule uliokonda, ukiwa umesimama mbele ya wanafunzi, ulibeba kitu ambacho wimbo mtamu hauwezi kukibeba.

Leso pia ina nafasi hapa, ingawa Uganda wengi huivaa bila kuyasoma maandishi yake. Ina pindo, mji na jina, na inauzwa doti, vipande viwili. Wahakiki huandika kuhusu jina, ule ujumbe wa mpenzi au kijembe cha jirani. Mimi ningetazama kipande kinavyotumika: mama anainama, mtoto analazwa mgongoni miguu ikiwa imetanuliwa kiunoni, kitambaa kinapita chini ya makalio ya mtoto, ncha za juu zinafungwa juu ya matiti na za chini kiunoni. Kisipopita chini ya makalio, mtoto huteleza ndani ya dakika chache, hata fundo liwe gumu kiasi gani. Kati ya kazi zote nilizozitaja, ni hiyo pekee inayobeba mtoto kweli.

Yapo mapengo. Baba yuko wapi? Tangu Makerere ya Trowell, mama na mtoto wamechongwa na kuchorwa bila kuhesabika, kanisa likiagiza, mtalii akinunua. Baba akitokea huwa shujaa, mzee wa hekima au mchungaji. Ni nadra kumwona amebeba mtoto anayelia usiku. Wanunuzi hawakumwomba, na wachoraji wengi hula kwa kile kinachoombwa.

Pengo kubwa zaidi ni la marafiki. Buganda ilikuwa na omukago, udugu wa damu. Tunda moja la kahawa lina buni mbili. Wawili waliokubaliana walijichanja tumboni, kila mmoja akaipaka buni moja damu yake, wakabadilishana na kumeza. Kuanzia hapo mzigo wa mmoja, deni lake, watoto wake akifa, vikawa vya mwenzake. Kwa mchoraji hilo ni tatizo zuri la kiufundi, kwa sababu kitu chenye uzito wote kina ukubwa wa ukucha. Huwezi kukifanya kikubwa bila kudanganya. Ningeshauri turubai dogo, lisilozidi sentimita 30, viganja viwili tu kuanzia kwenye kifundo cha mkono, vikubwa kuliko vilivyo, na buni ziwe ndizo kitu pekee chenye mng'aro. Uso usichorwe. Na damu isiwe nyekundu ya dukani. Ichanganywe na kahawia iliyoungua, kwa sababu juu ya buni damu hukauka haraka na kuwa nyeusi.